Kanuni ya Saba

Nilikuwa na mwandiko mzuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza, na kwa sababu hata leo, kwa uzee huu, mtu akija nimwandikie barua bado naitengeneza ile herufi ya kwanza kwa madaha kama bwege. Ujanani niliamini kwamba jambo likishaandikwa vizuri limekwisha. Hakuna aliyenifundisha upuuzi huo. Niliuokota mwenyewe.

Kwetu ni Kwedizinga, upande wa Handeni, watu wa mahindi na mbuzi. Nilisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kama watoto wote na nikachapwa kama watoto wote. Baadaye nikapelekwa shule ya serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, nikajua herufi za Kizungu, na nilipotoka huko nikapata ukarani katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe. Kwetu walisema nimeukata. Dada yangu, mkubwa wangu kwa tumbo moja, alikuwa ameolewa palepale kijijini na mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, fundi wa kila kitu kinachoshikika. Mvua zilipokosekana miaka miwili mfululizo, shemeji huyo akanifuata Korogwe na mke wake. Mimi ndiye niliyemwombea kazi. Mimi ndiye niliyemwambia nyapara, mpe mashine, mikono yake ni ya mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kukamua majani ya mkonge. Unayalaza majani mbele yake, ngoma ya ndani yenye visu butu inayapondaponda, maji machafu yanachuruzika chini, na upande wa pili inatoka singa, nyuzi nyeupe zinazokwenda kuanikwa. Mtu aliyesimama mbele kuilisha mashine haioni injini inayoizungusha. Injini ya mvuke ilikuwa nyuma ya ukuta, na mtu wa injini naye hamwoni mlishaji. Walichokuwa nacho baina yao ni kengele tu, yaani kipande cha reli kilichotundikwa kwa mnyororo na nyundo ya kukigongea. Singa zikinasa ndani, mashine lazima ilazwe, na mlishaji lazima atie mkono wake azichomoe. Hakuna njia nyingine. Kwa hiyo maisha ya mkono ule yalikuwa katika kengele.

Nilipofika, mambo hayo yote yalikuwa midomoni. Kila nyapara na yake. Bwana meneja, Mdachi mrefu aliyependa kila kitu kiwe na mahali pake, hakulipenda hilo. Akaniita akaniambia niandike karatasi moja kubwa yenye kila jambo ambalo mtu wa mashine anapaswa kulifanya, tangu kufagia asubuhi hadi kumwaga maji jioni, kwa Kiswahili, na kila jambo liwe na namba yake. Mimi nilijua nini juu ya mashine? Nilimkalisha shemeji chini siku tatu, yeye anasema, mimi naandika. Zikatoka kanuni kumi na mbili. Mwandiko wangu, lakini maneno yake.

Ya saba ilikuwa hii: Kengele moja, mashine imelala, tia mkono utoe. Kengele mbili, mashine inaamka, toa mkono, rudi nyuma.

Bwana aliipenda karatasi ile. Ikabandikwa ukutani mahali pa kulishia mashine, na mimi nikasimama mbele yake nikiitazama kama mtu anayemtazama mwanawe wa kwanza. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu wa mashine aliyeweza kuisoma. Wengi wao walizijua herufi za chuoni, za Kiarabu, shemeji mmojawapo, naye akaniomba niwaandikie kanuni hizo kwa herufi hizo. Nilipeleka ombi. Bwana akakataa. Alisema haitabandikwa katika shamba lake karatasi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuikagua. Sikubishana naye. Nani alibishana nao?

Basi tukafanya kama chuoni. Kila asubuhi, mvuke ukiwa bado haujapanda, watu wa mashine walikaa chini kwenye safu, mimi nikasimama na ufito, nikaugusa mstari, nikausoma, nao wakafuatisha. Sauti niliyotumia ni ileile ya mwalimu wetu wa Kwedizinga, ile ya kupandisha mwanzoni na kushusha mwishoni, sikuijua nyingine. Wakaanza kuyumba vilevile kama tulivyoyumba utotoni. Mtu akikosea neno moja, anarudi mwanzo, kanuni ya kwanza. Wiki chache hazikupita, watu wale waliimba kanuni zote kumi na mbili bila kupumua vizuri, na Washambaa wa milimani nao, Wakristo waliokuja kutoka kwao upande wa Lutindi, wakayumba pamoja nasi. Wakasema, hii sala ya mkonge ni ngumu kuliko ya misheni.

Walipokwisha kuhifadhi, wakafanya hitima, karamu ya kumaliza kisomo. Sitanii. Walichanga mchele, nyapara akatoa mbuzi, mtu mmoja akaleta ubani, tukala palepale kwenye kianikio cha singa Jumapili mchana. Shemeji aliniwekea kipande cha ini mkononi, akawaambia watu huyu ndiye mwalimu. Nikavimba kichwa. Bwana alipita akauliza sherehe ni ya nini, akaelezwa, akacheka hadi akashika kiuno. Lakini alifurahi, kwa sababu tangu siku hiyo hakuumia mtu hata mmoja. Kengele ikilia, midomo inaimba na mikono inafuata.

Ila ninachotaka kusema ni hiki. Huko tulikotoka sote, kitu ulichokwisha kukihitimu hakichezewi tena. Umekishika, umekishika. Mwalimu hawezi kuja mwaka wa pili akakwambia, pale katikati tumebadilisha. Sisi ndivyo tulivyolelewa, na mimi niliwafundisha karatasi ya Mdachi kwa njia hiyo, wakaiweka mahali pale pale moyoni wanapoweka mambo yasiyobadilika. Na karatasi ya Mdachi hubadilika.

Ilianza kubadilika kidogo kidogo. Kanuni ya tatu ilisema ufagie kwa ufagio wa chelewa, zikaletwa brashi. Ya kumi ilitaja mafuta ya aina fulani, yakaja mengine. Kazi yangu ilikuwa kuandika mstari mpya kwenye ukanda mwembamba wa karatasi na kuubandika juu ya ule wa zamani kwa gundi ya unga wa muhogo. Mende waliipenda gundi ile, kwa hiyo kila mwezi nilikuwa nabandika upya. Watu waliendelea kuimba ufagio wa chelewa huku wameshika brashi, tukacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Laiti ningekuwa na akili hata ya kuku, ningeliona pale pale.

Bwana naye, mtu wa kila kitu mahali pake, aliongeza jambo. Alinipa kitabu chenye jalada jeusi. Kila kanuni ikibadilishwa, niandike humo imebadilishwaje, na mbele yake, watu wakishafundishwa hadi wakaijua, niandike neno moja, Imefundishwa, na kuweka sahihi yangu. Kwa ufagio na mafuta niliandika Imefundishwa bila kumfundisha mtu. Nani angekufa kwa ufagio?

Kisha ikaja injini ya pili. Ilikuja kwa reli, ikaburutwa na ng'ombe kutoka stesheni, na fundi wake wa Kizungu akaja nayo. Huko alikokuwa akifanya kazi, njia ya Mombo, kengele zilikuwa kinyume cha zetu: mbili ni kulala, moja ni kuamka. Alisema hawezi kufanya kazi na ishara za kichwa chini miguu juu, na watu wake wa injini aliokuja nao wamezoea hivyo. Meneja akakubali. Asubuhi ya Jumatatu akaniita, akaniambia kanuni ya saba igeuzwe, watu wafundishwe mpaka waijue, na akaongeza kwamba bwana shauri wa serikali atakuja kukagua shamba baada ya siku kumi, kwa hiyo anataka pia kanuni zote ziandikwe upya kwenye karatasi mpya safi, bila viraka, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Mambo mawili, siku kumi. Na mimi nilijua ni lipi Bwana atakalolitazama.

Siku hiyohiyo nikaandika ukanda: Kengele mbili, mashine imelala, tia mkono utoe. Kengele moja, mashine inaamka, toa mkono, rudi nyuma. Nikaubandika. Jumanne asubuhi nikawakalisha watu, nikawaeleza, nikawaimbisha ile ya saba mpya mara tano au sita. Walipoirudia peke yake waliiweza. Nikawaambia sasa anzeni tangu ya kwanza. Wakaanza, wakaja vizuri, moja, mbili, tatu, na walipofika ya saba sauti zote zikateremka kwenye ile ya zamani kama maji yanayorudi mferejini. Nusu yao hawakujua kwamba wamekosea. Nikawasahihisha kwa mdomo, injini zikalia, wakaondoka. Mimi nikaenda ofisini, nikafungua kitabu cheusi, nikaandika Imefundishwa, nikaweka sahihi, nikaitilia na mkia.

Jumatano jioni, jua bado lipo, shemeji akaja kwangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa kwenye gogo, akasema ile ya saba haishiki. Alisema mwenyewe amejikuta mara mbili anaimba ya zamani, na jana yule kijana wa mashine ya pili alikuwa karibu atie mkono, akavutwa shati. Akaniomba tuanze upya kabisa, tangu ya kwanza, kila asubuhi kwa wiki mbili, na kosa moja mtu arudi mwanzo, kama ile mara ya kwanza. Au ile ya saba niitoe pale katikati niiweke mwisho kabisa, iwe ya kumi na tatu, na kwa sauti nyingine, ili ulimi usikute njia yake ya zamani. Alikuwa ameliwaza jambo hilo kwa makini, naliona sasa. Yeye, asiyejua herufi moja ya Kizungu, aliielewa karatasi yangu kuliko mimi.

Nikamwambia sina wasaa. Mkaguzi anakuja, nina karatasi nzima ya kunakili, na nikikosea herufi moja naanza upya. Akasema asubuhi moja haitoshi. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilichukia kufundishwa kazi yangu na mtu niliyemtafutia kazi.

"Karatasi iko ukutani, shemeji," nilimwambia.

Akanitazama kidogo, akasema haya, akaenda zake. Neno langu lile la karatasi ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Ijumaa, kabla ya adhuhuri, nilikuwa ofisini nanakili. Nilikuwa nimefika kanuni ya tisa na nilikuwa nafurahi, maana ile herufi kubwa ya mwanzo ilikuwa imetoka kama nilivyotaka. Baadaye nilikuja kuambiwa jinsi ilivyokuwa. Mkanda wa mashine ulilegea, mtu wa injini akailaza mashine akagonga mbili, sawasawa kwa kanuni mpya. Shemeji hakuzisikia, alikuwa ameteremka mtoni kuteka maji ya kunywa. Aliporudi akaikuta mashine imetulia na singa zimenasa ndani. Hakutia mkono. Hakuwa mjinga. Alisimama, akangoja kengele, kama alivyowafundisha wengine kungoja.

Ikalia kengele moja.

Niliisikia mimi nikiwa na kalamu mkononi. Na katika kichwa changu mimi, mimi niliyeandika ukanda ule kwa mkono wangu, sauti ya chuoni ikaimba: mashine imelala, tia mkono utoe. Nikaendelea kuandika. Maneno mawili, labda matatu. Ndipo likaja yowe, na baada ya yowe sauti za watu wanaogombana na kitu kisichosikia.

Mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Sitaeleza zaidi ya hapo. Tulimfunga kwa shati langu na singa, tukamlaza kwenye kitoroli cha reli, tukakisukuma wenyewe hadi Korogwe kwa daktari. Njia nzima alikuwa macho. Hakulia. Alikuwa anasogeza midomo tu, na mimi nilidhani anasoma dua. Nikainama karibu na mdomo wake nimsaidie. Haikuwa dua, zilikuwa kanuni.

Akapona, kama huko ni kupona. Wiki iliyofuata bwana shauri akaja kwa ukaguzi wake, na kwa kuwa kulikuwa na ajali, akaketi ofisini kuisikiliza. Shauri lilikuwa dogo kwao na kubwa kwetu. Ikionekana shemeji hakufundishwa kanuni mpya, kosa ni la shamba, na shamba litampa kazi nyepesi, kulinda geti, maisha yake yote. Meneja mwenyewe alikuwa tayari kwa hilo, aliniambia. Ikionekana alifundishwa akapuuza, anafukuzwa, na ana bahati asipochapwa. Mtu mwenye mkono mmoja, ugenini, mke ana mimba. Na kwa upande wangu, ikionekana karani ameandika uongo ndani ya kitabu cha Bwana na mtu akapoteza mkono, hizo ni hamsa-ishirini zangu, viboko ishirini na tano mbele ya watu, na ukarani kwaheri.

Niliijua njia iliyo sawa. Nisije nikajikosha leo kwamba sikuijua. Usiku na mchana wa siku zile nilijiambia, nitasema. Nilipanga hadi maneno.

Bwana shauri akauliza kama kanuni ilikuwa imeandikwa. Nikasimama nikaisoma kutoka karatasi mpya, safi, isiyo na kiraka. Aliusifu mwandiko. Akauliza kama watu walifundishwa. Meneja akakifungua kitabu cheusi, akamwonyesha lile neno na sahihi yangu yenye mkia. Akanigeukia.

Maneno niliyoyapanga nikayaacha, nikautazama ule mkia.

Akaniacha, akamgeukia shemeji aliyekuwa amesimama karibu na mlango, mkono umefungwa kitambaa. Akamwambia aiseme kanuni ya saba. Shemeji akafumba macho. Ili kuipata ya saba ilimbidi aanze ya kwanza, kama sisi sote, na akaanza, polepole, kwa sauti yangu, kwa ile ya kupandisha na kushusha, na wale Wazungu wawili wakatazamana. Alipofika ya saba akasema: "Kengele moja, mashine imelala, tia mkono utoe." Akafumbua macho. Alikuwa amelisikia kosa lake mwenyewe.

Bwana shauri akauliza, nani amemfundisha hivyo.

Shemeji alikuwa na jibu. Alikuwa na mashahidi ishirini nje. Angeninyooshea kidole tu, hata kile cha kushoto. Akanitazama, akatazama chini.

"Nilifundishwa mpya, Bwana," alisema. "Nilisahau. Kosa ni langu."

Nikaambiwa niandike hayo, nikayaandika. Ikawa shauri limekwisha. Kwa kuwa ni mgonjwa, hakuchapwa, akaambiwa aondoke shambani kabla ya Jumatatu. Meneja akaagiza kanuni ya kumi na tatu iongezwe: asiyeshika kanuni hizi, akiumia, si shauri la shamba. Nikaiandika pia. Ilitoka vizuri sana.

Jumapili dada yangu akaja kwangu, mzigo tayari kichwani, mumewe anamngoja njiani. Ile karatasi ya zamani yenye viraka niliambiwa niichome, lakini nilikuwa nimeichukua nyumbani na kuitundika. Hakuketi. Alinisalimu kama mtu anavyomsalimu jirani, akauliza mstari uliochukua mkono ni upi. Nikamwonyesha. Hajui kusoma, lakini macho yake yalikuwa makali, akaona ule ukanda umebandikwa juu ya kitu. Akauingiza ukucha. Gundi ya muhogo ilikuwa imekwisha liwa na mende, ukanda ukabanduka wote mkononi mwake, na chini yake mstari wa zamani ukawa pale, mweusi, haujafifia hata kidogo.

"Kumbe haukufutwa," alisema.

Nikasema huwa hatufuti, tunabandika. Akaniuliza mpya niliwafundisha asubuhi ngapi. Nikasema moja. Akatikisa kichwa taratibu, akauweka ule ukanda juu ya kinu changu, akatoka. Hakunilaani. Afadhali angenilaani, ningekuwa na kitu cha kujibu.

Baada ya hapo, mnajua nini? Nilipewa wiki mbili za kuwafundisha watu. Bwana mwenyewe alizitoa, bila kuombwa. Kila asubuhi tangu ya kwanza, kosa moja mtu anarudi mwanzo, na ile ya kengele nikaihamisha mwisho, nikaitafutia sauti nyingine, kama shemeji alivyonieleza akiwa juu ya gogo. Wakaishika. Hakuumia mtu mwingine kwa kengele mpaka vita vilipokuja. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Ilihitaji asubuhi kumi na nne na karani asiye mshenzi.

Vita vikaja, Wadachi wakaondoka, majani yakaota hadi kwenye mlango wa mashine. Kitabu cheusi sijui kiliishia wapi. Nikarudi Kwedizinga kwa sababu hapakuwa na pengine. Nilikuwa nimekaa miaka bila kwenda kwa dada, aliyekuwa amerudi huko na mumewe, napeleka salamu tu na vitenge sikukuu kwa mkono wa watu, na vitenge vilipokewa na salamu zikarudi, zote za adabu.

Nikaenda siku moja asubuhi. Shemeji alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Alikuwa analibana hindi kwa goti na kupukuchua kwa mkono wa kushoto, na alikuwa amekuwa hodari sana, punje zinaruka. Akafurahi kuniona, akafurahi kweli, hilo ndilo lisilostahimilika. Akaniita mwalimu. Dada akaleta uji, akauweka, akarudi jikoni. Tukaongea mvua, tukaongea nguruwe wanaokula mahindi, tukamtaja huyu aliyekufa na yule aliyehama. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi. Nililianza jambo hilo mara tatu na mara tatu likageuka kuwa mvua.

Mwishowe yeye ndiye aliyenikatiza. Akaacha kupukuchua, akasogea karibu, akapunguza sauti dada asisikie.

"Mwalimu," akasema, "ile ya saba mpya ilikuwaje hasa? Najaribu miaka yote hii. Siipati."

Nikamsomea. Kengele mbili, mashine imelala. Kengele moja, mashine inaamka. Nilimsomea polepole, kwa maneno matupu, bila ile sauti ya chuoni. Akanisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, mtoto wa chuoni mwenye mvi. Akasema sawa, ngoja, nimeipata. Akafumba macho, akaanza tangu ya kwanza, ufagio wa chelewa na yote, akiyumba kidogo. Ya pili, ya tatu, ya nne. Mkono wa kushoto ulikuwa unapiga goti. Akaifikia ya saba.

"Kengele moja," akasema, "mashine imelala, tia mkono utoe."

Akafumbua macho, akanitazama, anataka kujua kama amepatia.

Nikamwambia ndiyo, shemeji. Hiyo ndiyo.